Redio ya ridhaa Nyanda za Juu Kusini: waya kwanza, sanduku baadaye

Redio ya ridhaa ni ile ya mtu binafsi mwenye leseni anayezungumza na wenzake hewani bila biashara. Swali la kwanza la mgeni wake huwa ni hili: ninunue redio gani? Mwenye uzoefu humjibu kwa maswali mengine. Una nafasi ya kufunga waya wa mita 20? Jirani yako ana sola ya aina gani? Mlima uko upande gani wa nyumba? Redio ya wati 20 iliyofungwa kwenye waya mzuri juu ya mrunda wa mita 10 huko Uyole itasikika Ulaya, na redio ya wati 100 iliyofungwa kwenye waya uliolala juu ya mabati haitavuka hata Makambako vizuri. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia maneno mengi kwenye waya, kelele na umeme, na machache kwenye sanduku lenyewe.

Kibali

Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kwa bahati nzuri ofisi yao ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya mjini, hivyo mtu wa Tukuyu au Vwawa hahitaji safari ya Dar es Salaam kwenda kuuliza. Nenda na maswali matatu: leseni ya ridhaa inaruhusu bendi zipi na wati ngapi, kifaa kutoka nje kinahitaji idhini gani kabla ya kuingia nchini, na ishara ya kituo, yaani jina lako la hewani, hutolewa vipi. Ishara za Tanzania huanza na 5H. Majirani nao wana zao: Zambia 9J, Malawi 7Q, Kenya 5Z, Msumbiji C9.

Uliza kabla ya kuagiza. Redio iliyokwama forodhani hula ada ya kuhifadhi mzigo kila siku, na makaratasi ya baada ya mzigo kufika ni magumu kuliko ya kabla.

Zile redio za mkononi za bei ndogo zinazouzwa madukani zina mtego wake. Nyingi hurusha kwenye masafa ya walinzi, ya serikali na hata ya vyombo vya baharini. Kitufe kipo, ruhusa haipo. Bendi ya ridhaa ya mita 2 katika ukanda wetu, ambao ni Ukanda wa 1 wa kimataifa, ni 144 hadi 146 MHz tu.

Wakati leseni inashughulikiwa, sikiliza

Mwezi mmoja wa kusikiliza hufundisha kuliko kitabu. Njia isiyo na gharama ni vipokezi vya mtandaoni: tovuti ya websdr.org ina orodha ya vipokezi vya nchi mbalimbali, na kile cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, hufungua mawimbi mafupi yote kwenye kivinjari cha simu. Ukitaka masikio yako mwenyewe, tafuta redio ndogo ya mawimbi mafupi yenye SSB (namna ya kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi), au kidude cha USB aina ya RTL-SDR kinachochomekwa kwenye kompyuta. Redio ya kawaida ya mkulima, hata ikiwa na SW1 hadi SW7, haifai: bila SSB, sauti ya mtu husikika kama bata anayegombana. Kwa sauti, chini ya 10 MHz chagua LSB (upande wa chini wa wimbi), juu yake USB (upande wa juu, si ile USB ya kompyuta). Ukikosea upande, bata anarudi.

Vuta waya wowote wa mita 10 kutoka dirishani hadi kwenye mti, kisha pita humu: 7.000 hadi 7.200 MHz kuanzia jioni, 14.000 hadi 14.350 mchana na jioni, 21.000 hadi 21.450 na 28.000 hadi 29.700 jua likiwa juu. Kwenye 14.100 MHz kuna vituo vya alama vilivyopangwa kupokezana duniani, 18 kwa jumla, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kituo hutaja ishara yake kwa Morse, kisha hupiga milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, halafu 10, halafu 1, halafu sehemu moja ya kumi ya wati. Cha Kenya ni 5Z4B, cha Afrika Kusini ZS6DN. Ukisikia milio mitatu kutoka mbali, maana yake wati moja inakufikia, na ya kwako itafika kule. Vivyo hivyo kwenye 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Kituo kimoja kikiwa kimya usikate tamaa. Huenda kimezimika, na vingine vipo.

Daftari lako liandikwe kwa saa za UTC, na hapa msemaji wa Kiswahili ana hesabu yake. Saa za mchana, ongeza 3 kwenye saa yetu: saa 4 asubuhi ni 07:00 UTC, saa 9 alasiri ni 12:00. Saa za usiku, ongeza 15: saa 3 usiku ni 18:00. Jihadhari na tarehe: sisi hubadilisha siku saa 6 usiku, lakini UTC hubadilisha saa 9 usiku. Mazungumzo ya saa 7 usiku wa kuamkia Jumapili yanaandikwa Jumamosi, 22:00. Kosa hili huharibu uthibitisho wa mazungumzo mengi.

Waya

Antena ya kuanzia ni dipoli ya mita 40 (bendi ya 7 MHz): mikono miwili ya waya, kebo katikati. Hiyo hiyo hukubali pia bendi ya mita 15 (21 MHz), kwa sababu 21 ni mara tatu ya 7.

Vifaa: waya wa umeme wa nyumba wa milimita mraba 1.5, mita 22. Kebo ya RG58, mita 15 hadi 20, na plagi mbili za PL-259. Kibao cha plastiki cha kukatia nyama, ukate kipande cha sentimita 6 kwa 10 kiwe cha katikati, na viwili vidogo vya miishoni. Kipande cha bomba la maji machafu la inchi 4, urefu wa sentimita 20. Kamba ya manila ya milimita 4, mita 30. Mrunda mmoja wa mita 9 au 10. Kama mirunda ni ghali mtaani kwako, mianzi miwili iliyounganishwa kwa kupishana mita moja na nusu inatosha, ila mwanzi mkavu hupasuka baada ya masika mawili.

Kata mikono miwili, kila mmoja mita 10.4. Ni mirefu kupita kiasi, kwa makusudi: waya mrefu hupunguzwa, mfupi haurefuki bila kiungo. Toboa kile kibao cha katikati, pitisha kila mkono kwenye matundu mawili ili kibao kibebe uzito na risasi ya kuchomelea isibebe. Msingi wa kebo uende mkono mmoja, suka la nje mkono wa pili. Chomelea kwa risasi. Kisha paka silikoni ya mafundi wa vioo kwenye kiungo chote mpaka usione shaba. Maji huingia kwenye suka la kebo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na kebo iliyokunywa mvua ya Tukuyu haikauki tena, itupwe.

Chini kidogo ya kibao, zungusha kebo mara 12 hadi 15 kwenye lile bomba la inchi 4, mzunguko ubavuni mwa mwenzake, usirundike. Hii huchukua kama mita 5 za kebo, kwa hiyo ihesabu kabla ya kununua. Kazi yake ni kuzuia mawimbi kuteremka juu ya suka la nje hadi mezani kwako. Ukiiacha utaona maiki inachoma midomo, kompyuta inazima, na vipimo vinabadilika ukishika kebo.

Pandisha katikati juu ya mrunda, miisho ishuke pande mbili hadi kimo cha mita 3, umbo la V iliyopinduliwa. Pembe ya juu isipungue nyuzi 90. Miisho ndiyo yenye volti kubwa wakati wa kurusha. Mtoto au mbuzi asiifikie. Paa la mabati liwe angalau mita 3 chini ya waya, la sivyo mabati yenyewe yanakuwa sehemu ya antena, na yale yenye kutu kwenye misumari huongeza kelele za ajabu.

Sasa pima, antena ikiwa juu kabisa. Kupima ikiwa mita moja kutoka ardhini ni kazi bure. Kipimo kinachofaa ni NanoVNA, kidude cha ukubwa wa simu ndogo, au mita ya SWR iliyo ndani ya redio. SWR huonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena: 1 ndiyo bora. Tafuta masafa ambapo SWR iko chini kabisa. Tuseme umepata 6.75 MHz na unataka 7.10. Hesabu: 10.4 × 6.75 ÷ 7.10 = mita 9.89. Kila mkono upungue sentimita 51. Usikate zote mara moja: kata 40, pandisha, pima tena, kisha malizia kwa kukunja mwisho wa waya juu yake wenyewe, sentimita mbili mbili. Waya wenye ngozi ya plastiki hutaka urefu mdogo kuliko ule wa vitabuni, na V iliyopinduliwa nayo hupunguza tena, ndiyo maana fomula ya 142.5 gawanya kwa MHz, inayotoa urefu wa jumla kwa mita, ni ya kuanzia tu.

Kusoma kasoro: SWR ikiwa juu kila mahali, plagi imegusana ndani au kiungo kimekatika. Fungua kebo upande wa redio, pima kwa maltimita kati ya pini na ganda. Dipoli hii inatakiwa isionyeshe muunganiko wowote. SWR ikiwa nzuri kila mahali, usishangilie. Kebo imelowa na inameza nguvu, ile inayokwenda na ile inayorudi.

Kebo ya dishi, RG6, inapatikana Mwanjelwa, Mbeya, kwa urahisi kuliko RG58, na upotevu wake wa nguvu ni mdogo kuliko wa RG58. Ni ya ohm 75, redio inataka 50, lakini dipoli yenyewe iko karibu na 73 ikiwa juu, kwa hiyo tofauti utakayoiona ni SWR ya kama 1.5, na redio nyingi hukubali. Tatizo ni suka lake la aluminiamu, halishiki risasi. Tumia plagi za kukaza za dishi na adapta, au libane kwa boliti na washa.

Mwelekeo na mlima

Kutoka Mbeya, London iko nyuzi 338, yaani kaskazini ukielekea kidogo magharibi. New York ni 310. Tokyo ni 55. Dipoli husikia vizuri ubavuni na vibaya miishoni. Ukivuta waya kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, ubavu mmoja unatazama Ulaya na Marekani kwa pamoja, na Wajapani wanabaki kwenye ncha. Ukitaka Japani, geuza. Hili lina maana kwenye bendi za mita 20 (14 MHz) kwenda chini. Kwenye mita 40, waya ulio mita 10 juu haubagui sana.

Na kwenye mita 40 kuwa chini si hasara. Mawimbi hupanda karibu wima, hugonga tabaka la juu la angahewa na kushuka ndani ya kilomita mia kadhaa. Iringa iko kama kilomita 275 kutoka Mbeya kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam kama 680. Kwa mazungumzo ya ndani ya nchi kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni, waya wa kimo cha mita 5 unatosha, na milima haijali maana wimbi linaipita juu. Giza likiingia, bendi hiyo huwaruka majirani na kwenda mbali.

Mlima hujalisha kwenye mazungumzo ya nchi za mbali. Mbeya mjini iko kwenye kimo cha kama mita 1,700, na Loleza yenye mita 2,656 imesimama upande wa kaskazini, kilomita chache tu. Kwa mtu wa katikati ya mji, ukuta huo hufunga nyuzi kumi na kidogo za mwanzo juu ya upeo wa macho, na mawimbi ya Ulaya hupenda kuja kwa nyuzi hizo za chini. Rafiki mwenye kiwanja mbali na mlima ana thamani kuliko mashine ya kuongeza nguvu.

Kwenye mita 2 mambo yanageuka: mlima ndio mnara wako. Kanuni ya upeo wa redio ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, jibu ni kilomita. Ukipanda zile kona hamsini na saba za kutoka Chimala kwenda Matamba, ukasimama mita 1,000 juu ya bonde la Usangu, upeo wako ni kama kilomita 130. Redio ya mkononi ya wati 5 itazungumza na Rujewa kana kwamba mko sebule moja. Badilisha tu ile antena fupi ya mpira. Nyoosha fito tano za shaba za kuchomelea: moja sentimita 49, isimame kwenye pini ya soketi ya SO-239, nne za sentimita 52 kwenye matundu ya pembeni, zikiinama nyuzi 45. Kwa 435 MHz, spoku ya baiskeli iliyokatwa sentimita 16.5 hufanya kazi hiyo hiyo. Kebo iwe fupi: mita 15 za RG58 kwenye 145 MHz humeza karibu nusu ya nguvu.

Kelele

Hili ndilo linalowakatisha tamaa watu mjini, na dawa yake ni subira. Endesha redio kwa betri, zima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikiisha, mwizi yuko ndani: washa saketi moja moja mpaka arudi. Mara nyingi ni taa za LED za bei rahisi, chaja za simu zisizo na jina, au inveta. Kelele isipoisha, tembea na redio ndogo mtaani. Ikizidi karibu na nguzo fulani ya umeme hasa wakati wa kiangazi chenye vumbi, toa taarifa TANESCO na namba ya nguzo. Usiigonge nguzo kusikiliza.

Chaji kontrola za sola ndizo kinara huku kwetu, kwa kuwa kila kijiji kina paneli. Dalili: mngurumo unaoanza jua likichomoza, unapungua wingu likipita, unakufa jioni. Suluhisho la papo hapo ni kukata waya wa paneli wakati wa kuzungumza na kutumia betri peke yake. La kudumu ni kusokota waya za paneli pamoja na kuzipitisha mara kadhaa kwenye pete ya feraiti pande zote mbili za kontrola. Kama mngurumo ni wa jirani, mpelekee pete na umfungie mwenyewe. Ni nafuu kuliko ugomvi.

Redio na umeme wake

Kutoka wati 20 hadi 100 ni desibeli 7, pointi moja na kidogo kwenye mita ya S ya msikilizaji, ile inayoonyesha nguvu ya mawimbi yanayomfikia. Ndiyo maana Xiegu G90 ya wati 20 ni mwanzo wenye akili, hasa kwa nyumba ya sola. Yaesu FT-891 na Icom IC-7300 ni za wati 100, na hapo ndipo umeme unaanza kuuma: wakati wa kurusha huvuta hadi ampea 21 hadi 23 kwa volti 13.8.

Hesabu waya. Milimita mraba 2.5, urefu wa mita 3 kwenda na 3 kurudi, ampea 21: unapoteza karibu volti 0.9. Betri ya 12.6 inabaki 11.7 kwenye redio, na hapo sauti yako inakwaruza au redio inajizima katikati ya sentensi. Tumia milimita 6, upotevu unashuka chini ya nusu volti. Fyuzi ziwe mbili, chanya na hasi, karibu na betri. Betri ya asidi ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu. Za lithiamu fosfeti ni nyepesi na hushikilia volti vizuri, ila zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri, na asubuhi za Juni na Julai Makete na Kitulo baridi hiyo ipo kweli.

Radi: kuanzia Novemba hadi Aprili, kebo ichomolewe kwenye redio kila usipoitumia, na iwekwe nje ya dirisha, si chini ya meza. Nondo ya shaba ya ardhini iunganishwe na ardhi ya nyumba, isiwe kisiwa. Ngurumo ikisikika, umeshachelewa kuchomoa, ondoka mezani.

Adabu ya hewani

Sikiliza kwanza, uliza kama masafa yako huru, kisha ita. Kwa Kiswahili kwenye mita 40 mwito unakwenda hivi, kwa ishara ya mfano (CQ maana yake naita yeyote):

"CQ, CQ, CQ mita arobaini. Hapa ni Five Hotel Zero Zulu Zulu Zulu, Five Hotel Zero Zulu Zulu Zulu, Mbeya. Nasikiliza."

"Five Hotel Zero Zulu Zulu Zulu, habari za Mbeya. Nakupata tano na saba, niko Iringa mjini. Karibu."

Tano ni kueleweka, kati ya 1 na 5. Saba ni nguvu, kati ya 1 na 9. Umri wa mtu hausikiki hewani, hivyo "habari za huko" ni salama mpaka mfahamiane. Baada ya hapo shikamoo na marahaba vipokee nafasi yake, hakuna anayewafukuza. Taja ishara yako kila baada ya dakika chache. Siasa, biashara na muziki viachwe. Vifupisho vichache vinatosha: QTH mahali, QRM kelele za watu, QRN za radi, QSB sauti inayopanda na kushuka, QSY kuhama masafa, 73 kwaheri. Wengi watakuuliza mraba wako, yaani kipande chako cha ramani ya dunia ya wanaridhaa: Mbeya ni KI61, Tukuyu KI60, Njombe KI70, Iringa KI72.

Ukienda mita 20 jioni na 5H yako, jiandae. Kwa Wazungu na Wajapani wewe ni adimu, na ndani ya dakika mbili watu thelathini watakuita kwa pamoja. Usipoitawala hali hiyo, itakutawala. Chukua herufi mbili unazozisikia, sema "Lima Alfa, five nine", na usijibu mwingine yeyote mpaka mwenye LA amalize, hata kama mwenye sauti kubwa anapiga kelele. Ukimwachia mmoja avunje foleni, wote wataivunja. Wakizidi, sema "up five": wewe unarusha 14.195, unasikiliza 14.200 na kuendelea. Taja ishara yako kila baada ya watu wawili watatu. Ukichoka, sema QRT (nafunga kituo) na uzime. Kuondoka kimya ni utovu.

Asiyependa maneno ana FT8, ujumbe mfupi unaorushwa na kompyuta kupitia redio: vipindi vya sekunde 15, 14.074 au 7.074 MHz, USB siku zote. Saa ya kompyuta isipishane zaidi ya sekunde moja, la sivyo unaona milia ya mawimbi na hakuna kinachosomeka. Punguza nguvu, wati 20 zinatosha, na sindano ya ALC, kidhibiti cha nguvu ndani ya redio, isitikisike. Ikitikisika unachafua bendi nzima.

Dishi la zamani lina kazi

Setilaiti ya Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba chombo cha ridhaa kiitwacho QO-100, na haihami angani. Kutoka Mbeya iko nyuzi 320, kimo cha nyuzi 76. Iringa, nyuzi 308 na kimo cha 75. Ni karibu utosini, na vishikio vingi vya madishi haviinuki hivyo, kwa hiyo egemeza nguzo yenyewe nyuzi 15 au 20. Dishi la sentimita 80 na LNB (kichwa cha dishi) ya kawaida ya king'amuzi vinatosha kusikiliza. Ipe LNB volti 13 kupitia kipande cha kuingiza umeme kwenye kebo, upande wa kompyuta uwe ule usiopitisha umeme, kisha tafuta 739.5 hadi 740 MHz kwenye RTL-SDR. Sauti itahama polepole jua likipasha LNB. Fuatisha kwa mkono. Utasikia Afrika, Ulaya na Brazili kwa wakati mmoja, usiku na mchana.

Kukutana

Makongamano makubwa yako mbali: Hamvention ya Ohio, Marekani, hufanyika Mei, na Friedrichshafen, Ujerumani, kwa kawaida Juni. Anayepata nafasi ya kwenda, au kuagiza kwa anayekwenda, akumbuke kwamba bidhaa bora pale ni vitu vidogo: pete za feraiti, plagi halisi za PL-259, kebo. Redio iliyotumika ijaribiwe kwenye mzigo wa bandia (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena), dakika mbili za kurusha mfululizo, mkono juu ya bati la nyuma. Nguvu ikishuka kadiri inavyopata joto, rudisha.

Karibu na nyumbani kuna Oktoba, maskauti wa dunia wanapokutana hewani kwa JOTA. Shule yenye skauti na mtu mmoja mwenye leseni wanaweza kufanya siku nzima, mwenye leseni akiwa pale pale kwenye kipaza sauti. Mwisho wa mwezi huo huo kuna shindano la CQ WW la sauti, ambapo Tanzania ni kanda ya 37: unampa kila mtu "five nine three seven" na kupita. Watu watatu, betri mbili, dipoli moja na hema juu ya Uporoto wanatosha. Chukueni nyundo, vigingi 8 vya chuma na kamba ya akiba, maana upepo wa mchana kule hulegeza vigingi vya miti. Mkiteremsha, chomoeni kebo kwenye redio kwanza, kisha mrunda, na waya uzungushwe kwenye kibao kwa mtindo wa namba nane, la sivyo mtamaliza jioni inayofuata kufungua mafundo.